Triangle Nyekundu za Pikapu ya Papa

Nianze na sababu, maana katika familia yetu sababu ndiyo kitu cha kwanza kupotea. Ile pikapu tuliinunua kwa ajili ya shangazi. Papa alikuwa amebakiwa na dada mmoja tu, mkubwa wake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada huyo anaishi kando ya barabara ya zamani ya Buta, mbele kidogo ya Masako, na macho yake yamekwisha. Papa naye nyonga ya kushoto ilikuwa imegoma. Pikipiki hawezi, na toleka, zile baiskeli za abiria za hapa kwetu Kisangani, ndiyo usiseme. Alipanda mara moja tu, akakaa kitandani siku mbili. Hivyo sisi watoto tukachanga, tukapata pikapu kuukuu yenye viti vizuri, na miezi ya kwanza Papa alikuwa anakwenda kwa dada yake kila Jumapili asubuhi, jioni anarudi na kwanga, ule mkate wa muhogo, na habari za huko.

Yaya, kaka yangu mkubwa, anafanya kazi ya mizigo ya ndege kule Bangboka. Kutwa anaona magari ya wakubwa yakija kupokea wageni, yamenyanyuliwa juu, matairi kama mapipa. Siku moja moyo wake ukashindwa. Alichukua pikapu akisema anaipeleka kuoshwa, ikarudi baada ya siku tatu imeota miguu. Walikuwa wameiwekea vipande vya chuma juu ya springi na matairi makubwa, na mbuzi wa jirani akapita chini yake bila kuinamisha pembe. "Ni juu ya matope," Yaya akatuambia. Wacha we! Matope gani? Njia yake yeye ni nyumbani na Bangboka, Bangboka na nyumbani, na yote ni lami. Lakini aliisema kwa uso mkavu kabisa, mkono mfukoni, kama mtu aliyetuokoa na gharika.

Papa akatoka mlangoni. Alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake, wa kanzu, suruali na sare za shule, na utepe wa kupimia haukutoka shingoni mwake hata alipokaa kula. Akaitazama pikapu kuanzia tairi mpaka paa, taratibu, kama anavyomtazama mteja mnene. "Iko juu," akasema. Basi, akarudi ndani. Sisi tulicheka kwa furaha, tukidhani ametusifu.

Jumapili haikufika. Yaya alikuwa anarudi kutoka kazini, dirisha wazi, muziki unalia, mara gurudumu la mbele la kulia likalala ubavu palepale sokoni, mbele ya wamama wanaouza pondu, majani ya muhogo. Wale wamama hawana dogo. Walimpigia makofi, mmoja akamuuliza kama gari imepiga magoti kusali. Pikapu ikavutwa mpaka kwa fundi wetu, mtu wa mtoni, mzaliwa wa Isangi, ambaye alianza na mota za mitumbwi kabla ya kuhamia kwenye magari. Gereji yake ni mabati manne karibu na daraja la Tshopo. Nilikwenda huko nilipotoka shuleni.

Fundi aliingia chini ya gari amechuchumaa tu, maana kulala hakukuwa na haja tena, akatoka na kipande cha chuma kilichovunjika kichwa. "Triangle," akasema. Mimi nafundisha hesabu sekondari. Pembetatu nimezichora ubaoni miaka nenda rudi, nisijue kwamba iko moja ya chuma inayozuia gurudumu lisikimbie. Ni mkono wenye matawi mawili: huku umefungwa kwenye chasi, kule una rotule, kifundo cha mviringo kinachogeuka pamoja na gurudumu. Ukiinyanyua gari na mkono ukabaki uleule, unaning'inia vibaya, na rotule inajikunja kila ukipita shimo mpaka siku inayochoka. Fundi alituonyesha yote haya kwa kiwiko chake mwenyewe, akikikunja na kukikunjua.

"Bon," akasema, "muko na njia mbili. Tushushe gari, tuweke triangle ya kawaida, kazi inaisha kesho. Ao muache gari juu vile, mutafute triangle ya gari ya juu, ile inarefuka kidogo. Hapa Kisangani haiko."

"Tushushe?" Yaya aliruka kama amekanyaga kaa la moto. "Aka! Watu watasema nini? Watasema tumeanguka!"

Na mimi, niliyesimama pale na diploma yangu, nilisema nini? Nilisema, "Kweli, ikiwa juu inapendeza." Nililisema hilo kwa mdomo wangu. Siku mbili kabla, Yaya alikuwa amenishusha kwenye lango la shule, nikateremka kutoka kule juu huku prefe, mkuu wetu wa shule, akitazama na walimu wenzangu wakitazama, na ladha yake ilikuwa bado mdomoni. Fundi alitutazama sote wawili, akafuta mikono kwenye kitambaa, akasema sawa, gari ni yetu.

Hapo ndipo kuchagua kulipoanza, na ninyi mnaojua familia zenye simu mnajua maana yake. Yaya aliweka picha za triangle kwenye kundi letu la simu asubuhi, mchana na jioni. Kulikuwa na nyeusi za kawaida, za mitumba kutoka Ulaya, mpya kutoka Asia, na zile nyekundu nene zilizotengenezwa kwa ajili ya magari yaliyonyanyuliwa, zenye tundu la kupigia grisi. Tonton, mjomba wetu wa Kinshasa, ambaye hajamiliki hata toroli, akageuka bingwa. Alikuwa anatuma sauti ndefu ndefu, unamsikia anakohoa, anakunywa kitu, anaendelea: "Alors, watoto yangu, triangle ni moyo ya gari." Kesho yake moyo ni rotule. Kesho kutwa anatushauri tusubiri, kuna rafiki yake ana rafiki. Wengine walibishana kama nyekundu itapatana na rangi ya pikapu, ambayo ni kijani cha majani ya mgomba. Kila mtu alikuwa na triangle yake. Shangazi hakuwa na mtu. Mimi nilipiga kura kwa nyekundu, nikaweka na kidole gumba.

Wakati huo wote shangazi alikuwa anauliza. Vijana wa baiskeli wanaoleta makala, yaani makaa ya kupikia, mjini kutoka njia ya Masako walipita kwetu kila Alhamisi, na kila Alhamisi mmoja wao alisimama mlangoni kwa Papa akitoa salamu: "Bibi anauliza, munakuja siku gani?" Papa anatugeukia sisi. Sisi tunajibu, triangle iko njiani. Yaya hakuishia hapo. Alimwambia yule kijana amweleze bibi kwamba safari hii kaka yake anakuja na gari kubwa, ya juu, hajapata kuona mfano wake. Kumwambia hivyo mtu asiyeona! Alhamisi iliyofuata kijana akatuletea kwamba bibi amewatangazia majirani wote, na njia ya mbele ya nyumba imefagiliwa. Papa alicheka kidogo, akaendelea kushona. Alikuwa anamshonea dada yake gauni la kitambaa cha zambarau, na lilikuwa limebaki vifungo tu.

Mwisho tukapata muuzaji Kinshasa. Lakini pikapu yetu ni ya mchanganyiko, kichwa cha aina hii, chasi ya aina ile, na muuzaji hakutaka jina wala picha. Alitaka urefu, kutoka chasi mpaka kwenye kitovu cha gurudumu, gari ikiwa imesimama pale juu ilipo. Tukaenda gereji kupima, na siku hiyo Papa akaja nasi kwa kuwa fundi anakaa karibu, hatua kwa hatua na fimbo yake.

Yule fundi hatumii mita. Ana kamba za nyavu, za nailoni, mabaki ya kazi ya baba yake ya uvuvi, na kila gari analolishughulikia lina kamba yake yenye vifundo, zimetundikwa kwenye misumari ukutani. Kwake haikosei, maana mkono unaovuta siku ya kupima ndio huohuo unaovuta siku ya kufunga. Siku hiyo mikono yake ilikuwa imeshika jeki. Kwa hiyo Yaya akashika ncha moja, mimi nikashika nyingine, tukavuta.

"Pimeni na hii," Papa akasema. Alikuwa amevua utepe wake shingoni, ameunyoosha kwetu.

"Papa, hii si suruali!" Yaya akamjibu, na gereji nzima ikacheka. Nilicheka na mimi. Mwalimu wa hesabu, anayewachapa watoto wa watu kwa maneno wakisahau kuandika sentimita, alicheka, akaendelea kuvuta kamba ya samaki kwa nguvu zake zote. Papa akakunja utepe wake pole pole, akaurudisha shingoni. Tukafunga kifundo, tukaikata kamba hapo, tukaitia ndani ya bahasha, na Yaya akampa abiria mmoja wa ndege aipeleke Kinshasa kama hati ya ndoa.

Wiki tatu baadaye triangle zikafika. Nyeusi, kwa maelezo kwamba urefu ule ni wa gari la kawaida na za kawaida huwa nyeusi. Fundi akaziinua mahali pake, akazishusha, akaziinua tena. Zilikuwa fupi vidole viwili. Yaya akawaka. Alimtukana muuzaji, akamtukana abiria, akaitukana hata ile ndege. Papa alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao pembeni. Akaomba kipande cha kamba ileile kilichobaki, akakilaza juu ya utepe wake bila kukivuta, akakisoma. Kisha akakivuta, akasoma tena.

"Hii kamba," akatuambia, "ukiivuta inakubali kila kitu."

Muuzaji alikuwa ameilaza mezani tu bila kuivuta, kama mtu yeyote mwenye akili, nayo ikawa imerudi fupi. Sikujua niuweke wapi uso wangu. Tulipima upya, kwa utepe wa suruali, tukatuma namba kwa simu, na jioni hiyo Yaya akamwambia tonton kwa sauti kubwa kwamba safari hii ametumia chombo cha kitaalamu. Zile nyeusi tulizipeleka nyumbani. Moja ikawekwa izuie mlango wa banda la kuku, nyingine ikakaa juu ya bati lisipeperuke.

Alhamisi zikapita nne. Kijana wa makala akawa haulizi tena, anasimama tu mlangoni anatutazama, na sisi tunasema iko njiani. Papa alimaliza vifungo, akalipiga gauni pasi, akalikunja, akalifunga kwenye gazeti. Siku moja nilimkuta amelifungua, analipiga pasi upya. Nikaenda kupika.

Hatimaye nyekundu zikaja. Siwezi kukataa, zilikuwa nzuri. Yaya alizipiga picha kabla ya kufungwa, wakati wa kufungwa na baada ya kufungwa, ingawa zikishafungwa huzioni mpaka uiname. Tonton alituma sauti ya dakika nyingi akijipongeza. Fundi alikaza bolti ya mwisho, pikapu ikasimama kwenye miguu yake mirefu, imenyooka, haina kasoro. Jumapili asubuhi tukaileta nyumbani, tukaiegesha mbele ya mlango, na majirani wakatoka kutazama.

Papa alitoka amevaa kanzu nyeupe na kofia aliyoishona mwenyewe, gazeti lenye gauni liko kwapani, utepe shingoni. Alikuwa amenyoa. Akafika mlango wa mbele wa gari, akashika chuma, akainua mguu wa kulia, ukafika. Lakini mguu wa kushoto ndio unaobaki chini kusukuma, na ule haukusukuma kitu. Akashuka. Akajaribu kuanza na wa kushoto, haukufika hata nusu ya njia. Yaya akaleta kiti, kiti kikayumba. Nikaleta sanduku la soda, Papa akasimama juu yake, nyonga ikamkamata, akafunga macho. Majirani wakaanza kutazama chini, na hilo lilikuwa baya kuliko makofi ya wale wamama wa pondu. Ndipo Yaya akaja nyuma yake, akamtia mikono chini ya makalio, akaanza kumsukuma juu.

"Acha!" Papa akasema. Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile. "Usinisukume. Miye si muzigo ya Bangboka!"

Yaya akarudi nyuma kama amepigwa kofi. Papa akashuka kwenye sanduku kwa kunishika bega. Nilidhani atarudi ndani. Badala yake akavua utepe, akatoa mfukoni daftari yake ndogo, ile ya kuandika vipimo vya wateja, akanipa pamoja na kalamu. "Andika, mama," akaniambia, kama anavyoniita siku zote mimi binti yake. Akapima kutoka udongoni mpaka pale mguu unapokanyaga kuingia garini. "Makumi sita na saba." Nikaandika. Halafu akaegemea ukuta, akainua ule mguu mbovu mpaka pale unapoweza kufika, akaushikilia hapo juu, meno yameumana, akaniambia nipime. Nilipiga magoti mbele ya baba yangu, kama alivyokuwa akipiga yeye mbele yangu kunifunga kamba za viatu nilipokuwa mtoto. Arobaini na nane. Hesabu ndiyo kazi yangu: tofauti ni kumi na tisa. Karibu sawasawa na kile alichokiongeza Yaya.

"Miaka yote nilikuwa napima watu," Papa akasema, bila hasira sasa, amechoka tu. "Ninyi mulipima gari. Mulipima ata na utepe yangu. Miye, ata mumoja hakunipima."

Nililia, niseme ukweli, palepale mbele ya majirani na mbuzi wao. Nililia kwa aibu. Yaya alikuwa anatazama simu yake iliyozimwa. Baadaye akaenda mwenyewe mpaka kwa fundi, akamkuta anatoka kanisani amevaa suti, akamwomba, na fundi akavua koti bila kuuliza kitu. Walitoa vile vyuma vya juu ya springi, wakarudisha matairi ya zamani. Triangle nyekundu sasa zikawa ndefu mno, hazifai. "Donc tunahitaji za kawaida," fundi akasema, "zile nyeusi zilienda wapi?" Nikakimbia nyumbani. Moja niliichomoa kwenye mlango wa banda, kuku wakatoka wote, nyingine nikaipandia juu ya bati. Nilizisugua kwa maji na sabuni, lakini mavi ya kuku yakikauka kwenye chuma yana kiburi, na kidogo kikabaki. Ziliingia mahali pake mara moja, kama zilikuwa zinangoja.

Jumatatu Papa alitoka na gazeti lake kwapani. Akashika mlango, akaweka mguu wa kushoto, akaweka wa kulia, akakaa. Yaya alikuwa ameshanyoosha mkono wa kumsaidia, akaurudisha mfukoni. Hakuna jirani aliyetoka kutazama, maana hapakuwa na kitu cha kutazama. Sikwenda shule siku hiyo. Njiani, pale penye matope, yale matope halisi yaliyokuwa yakitajwa na kutajwa, pikapu ilipita kama ilivyokuwa ikipita siku zote.

Shangazi alikuwa amekaa nje kwenye mkeka. Aliusikia mlango wa gari, akasikia hatua, ile ndefu na ile fupi, akanyoosha mikono yote miwili kabla Papa hajasema neno. Walishikana muda mrefu. Papa akamvisha gauni juu ya nguo aliyokuwa nayo, na lilimtosha mabegani, ila kiunoni alikuwa amekonda tangu walipoonana mara ya mwisho. Papa aliibana ile nafasi kwa vidole viwili, akaiachia.

Baadaye shangazi aliomba apelekwe kwenye gari. Akaigusa kwa kiganja, bodi ya mbele, kioo, akapapasa juu akalipata paa bila shida, mkono wake ukasimama pale. Uso wake ukaonyesha kwamba hakuelewa.

"Hii njo ile ya zamani," akasema. "Na ile kubwa waliniambia, ile ya kukuleta weye kwangu? Iko wapi?"

Yaya akainama akajidai anatazama tairi. Mimi nikatazama upande wa pili wa barabara.

"Ile," Papa akamjibu, "wangali wanaichagua."